Kusoma Sayansi ya Siasa Katika Chuo cha Jamii Marekani: Mwongozo Kamili wa Kuhamia Chuo Kikuu Bila Kupoteza Krediti

Kilio ni kile kile kila mwaka, na hufika kikiwa kimechelewa. Mtu kasoma miaka miwili au mitatu katika chuo cha jamii (community college, chuo cha digrii za miaka miwili), kapeleka transkripti yake, yaani orodha rasmi ya kozi na alama zake, chuo kikuu, kaambiwa sehemu kubwa ya madarasa aliyoyalipia haihesabiki kwenye digrii ya sayansi ya siasa. Anarudishwa nyuma mwaka mzima. Ruzuku imepungua, watoto wanakua, shifti za usiku ziko pale pale.

Usidhani ni wageni tu. Mwaka 2017 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, yaani vipimo vya kozi vinavyohesabiwa kwenye digrii. Ila sisi Waswahili tunaumia zaidi, maana wengi hatuna kaka wala shangazi aliyepita njia hiyo akatuonya mapema.

Mwongozo huu ni wa Mswahili anayeishi Marekani, awe mkimbizi kutoka Kongo au Burundi, mwenye grini kadi kutoka Kenya au Tanzania, au mwanafunzi wa viza ya F-1. Kanuni yake ni moja: anza na chuo kikuu unakokwenda, kisha rudi nyuma uchague madarasa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kujisajili

Cheti cha sekondari. Cheti cha kidato cha nne au cha sita, KCSE, au Diplôme d'État ya Kongo. Vyuo vingi vya jamii vinampokea karibu kila mtu, lakini msaada wa fedha wa serikali unadai uthibitisho wa kumaliza sekondari. Huna? Fanya GED au HiSET kwanza. Vyuo hivyo hivyo huwa na madarasa ya kukuandaa, mara nyingi ya bure.

Tathmini ya vyeti vya nje. Mashirika kama WES hutafsiri alama zako kwa mfumo wa Kimarekani, na yanatoza ada. Usilipe kabla hujaliuliza dawati la udahili la chuo wanakubali tathmini ya nani na kama wanaihitaji kweli.

Hati za uhamiaji. I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) au grini kadi, namba yako ya A (namba ya faili la uhamiaji), na namba ya Social Security kama unayo. Jina liandikwe vile vile kila mahali. Mtu aliyeitwa Mwajuma kwenye I-94 na Mwanajuma kwenye cheti atazungushwa wiki nzima.

Uthibitisho wa makazi. Mkataba wa nyumba, bili ya umeme, leseni ya jimbo. Mkazi wa jimbo na asiye mkazi hawalipi ada sawa. California, kwa mfano, mkazi analipa dola 46 kwa kila krediti. Asiye mkazi analipa mara kadhaa ya hapo. Majimbo mengi yanataka uwe umeishi humo mwaka mmoja, lakini wakimbizi mara nyingi wana msamaha. Uliza, usingoje kuambiwa.

Karatasi za kodi za mwaka wa juzi, zako na za wazazi kama uko chini ya miaka 24.

Kompyuta. Simu haitoshi. Insha ya kurasa nane haiandikwi kwa kidole gumba. Vyuo vingi huazima laptop kupitia maktaba.

## Hatua ya 1: Chagua chuo kikuu kabla ya kuchagua darasa

Chagua viwili au vitatu vya umma, vya jimbo unaloishi. Vya jimbo lako kwa sababu mikataba ya kupokeana krediti huandikwa ndani ya jimbo. Ukisoma Louisville, jimbo la Kentucky, ukitaka kuhamia jimbo la Ohio, inawezekana, ila mkataba wa Kentucky hautakulinda ukishavuka mto wa mpakani.

Kila jimbo lina utaratibu wake:

- California ina digrii maalumu ya uhamisho, AA-T, yenye toleo la sayansi ya siasa. Ukiimaliza kwa krediti 60 na GPA (wastani wa alama) inayotakiwa, una uhakika wa nafasi mahali fulani katika mfumo wa CSU (California State University). Kwa mfumo wa UC (University of California) kuna TAG, ahadi ya nafasi inayotolewa na kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo.
- Texas ina namba za kozi zinazofanana katika vyuo vya umma, na kila mwanafunzi wa digrii ya kwanza analazimika kusoma krediti sita za somo la serikali. Kwa kawaida ni GOVT 2305, serikali ya shirikisho, na GOVT 2306, serikali ya Texas.
- Florida inamhakikishia mwenye AA, digrii ya miaka miwili ya chuo cha jamii, nafasi katika chuo kikuu kimojawapo cha jimbo, bila kuahidi kampasi wala fani aitakayo.

Sasa fungua jedwali la mlingano wa kozi. California liko kwenye tovuti ya ASSIST. Upande wa kushoto utaona kozi ya chuo kikuu, upande wa kulia kozi ya chuo chako inayolingana nayo. Pakiwa pameandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana, pameandikwa kweli. Usijipe moyo kwamba mwalimu atakuombea. Majimbo mengine yana jedwali la namna hiyo, au kila chuo kikuu kina lake kwenye ukurasa wa wanafunzi wanaohamia.

*Utajua umefaulu* ukiwa na karatasi moja kwa kila chuo kikuu, yenye orodha ya kozi za miaka miwili ya mwanzo na kozi ya chuo chako mbele ya kila moja.

## Hatua ya 2: Jiandikishe kwenye digrii sahihi

Hapa watu huteleza siku ya kwanza kabisa. Chuo cha jamii kina AA au AS, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuhama, na AAS, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi. Zote ni za miaka miwili.

Mtu anayependa siasa huvutwa na majina kama haki jinai au usaidizi wa wanasheria. Ni fani nzuri za kupata ajira, lakini mara nyingi ni AAS, na kozi zake nyingi hazitahesabika kwenye shahada ya sayansi ya siasa. Vilevile si kila chuo kina AA iliyoandikwa jina la sayansi ya siasa. Kisipokuwa nayo, chukua AA ya jumla au ya sanaa huria, ujaze nafasi za hiari kwa kozi za siasa zilizo kwenye karatasi yako.

## Hatua ya 3: Jaza FAFSA mapema

FAFSA ni fomu ya kuombea msaada wa fedha za masomo wa serikali ya shirikisho. Wakimbizi, waliokubaliwa hifadhi, na wenye grini kadi (pamoja na walioshinda bahati nasibu ya DV) wanaruhusiwa kuomba msaada wa serikali ya shirikisho. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri haruhusiwi, wala mwenye F-1. Hao waulize chuo kuhusu misaada ya jimbo na ya chuo chenyewe.

Kinachotafutwa ni ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Katika vyuo vingi vya jamii kiasi hicho kinamaliza ada na kubakiza cha vitabu na nauli.

Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake ya FAFSA. Usimwandikie namba za kubuni. Na usimlipe mtu akujazie. Fomu ni ya bure na ofisi ya msaada wa fedha hukaa nawe mkaijaza pamoja.

Onyo linalopuuzwa: Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Tena chuo kinapima maendeleo yako. Kwa kawaida unatakiwa GPA ya 2.0 na kumaliza karibu theluthi mbili ya krediti ulizozianza. Kozi unayoiacha katikati ukapata W (alama ya kujitoa) haishushi GPA, lakini inahesabiwa kwamba uliianza. Ukiacha mbili kati ya nne, msaada unaweza kusimamishwa muhula ujao.

## Hatua ya 4: Jipime Kiingereza bila haraka na bila woga

Wapo wanaofanya mtihani wa kupangiwa darasa wakiwa wametoka shifti ya usiku, wakaangukia ngazi ya chini na kutumia mwaka mzima kwenye madarasa ya maandalizi yasiyo na krediti za digrii. Omba siku nyingine. Uliza pia kama chuo kinatumia alama zako za sekondari badala ya mtihani. California, tangu sheria ya AB 705 ya mwaka 2017, wengi huingia moja kwa moja kwenye kozi ya uandishi ya ngazi ya chuo wakiwa na darasa la msaada pembeni.

Upande wa pili, ukiona hotuba ya dakika ishirini inakupita, kaa kwenye ESL, madarasa ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, muhula mmoja. Sayansi ya siasa ni fani ya kusoma na kuandika tangu asubuhi hadi jioni.

## Hatua ya 5: Panga mihula yako minne

Kozi za siasa utakazozikuta karibu kila chuo ni hizi: serikali ya Marekani, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, na nadharia ya siasa. Vyuo vikubwa huongeza mbinu za utafiti. Usizichukue zote chuo cha jamii kwa sababu tu unazipenda, kwani chuo kikuu hupokea idadi maalumu ya kozi za fani kutoka chini, na zinazozidi hugeuka krediti za hiari.

Mpangilio ninaoupendekeza:

Muhula wa kwanza: uandishi wa Kiingereza, serikali ya Marekani (vyuo vya California sasa vinaiita POLS C1000), na somo moja jepesi kwako. Uandishi kwanza, maana kila kozi nyingine itakudai insha.

Muhula wa pili: takwimu. Wengi huikimbilia algebra kwa mazoea, lakini sayansi ya siasa inatumia takwimu, na idara nyingi zinaitaka. Ongeza siasa linganishi na uandishi wa pili.

Muhula wa tatu na wa nne: uhusiano wa kimataifa au nadharia, sayansi yenye maabara, historia, na masomo ya lazima yaliyobaki kwenye karatasi yako.

Piga hesabu ya saa kabla ya kusaini. Krediti 3 ni saa 3 darasani kwa wiki na karibu saa 6 za kusoma nyumbani. Krediti 12 ni saa 36. Ukiweka saa 40 za ghala umefika 76, na hujapika wala hujalala. Mwenye kazi ya muda wote achukue krediti 6 au 9, aongeze kiangazi. Mwenye F-1 hana hiari hiyo: lazima awe na krediti 12 kwa muhula, na katika hizo ni darasa moja tu la mtandaoni linalohesabiwa.

Kisha nenda kwa mshauri wa masomo. Usimwulize, “Kozi hii inahamishika?” Atajibu ndiyo, na hatakuwa amekudanganya, kwa sababu kozi inaweza kupokelewa kwa namna tatu: kama ya hiari, kama ya kutimiza somo la lazima la jumla, au kama ya fani. Krediti za hiari zikijaa, nyingine hazikusogezi popote. Mwulize hivi: “Kozi hii, katika chuo kikuu hiki, kwa shahada ya sayansi ya siasa, inajaza nafasi ipi?” Akisema hana hakika, mwandikie barua pepe mshauri wa uhamisho wa chuo kikuu chenyewe. Jibu lihifadhi.

Hifadhi pia silabasi (mpango wa somo) ya kila darasa katika PDF, hata ya darasa ulilolichukia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

## Hatua ya 6: Jifunze kuandika insha wanayoitaka

Msomaji aliyekulia Goma, Bujumbura au Kisumu anaijua siasa kwa ngozi yake. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo inayomwangusha. Anaandika ushuhuda: viongozi wabaya, wananchi wanateseka, Mungu asaidie. Profesa anaandika pembeni, “Hoja yako iko wapi?”

Hoja ni sentensi ambayo mtu mwenye akili anaweza kuipinga. Chukua mfano wa insha ya siasa linganishi kuhusu uchaguzi wa rais. Sentensi dhaifu: “Kenya na Marekani zina mifumo tofauti ya kumchagua rais.” Nani atabisha?

Jaribu hii: “Katiba ya Kenya inamsukuma mgombea kutafuta kura nje ya ngome yake zaidi kuliko mfumo wa kura za wajumbe wa Marekani.” Sasa una kazi ya kufanya. Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Marekani inatosha kufikisha kura 270 kati ya 538 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais; ndiyo maana mwaka 2016 Donald Trump alishinda ingawa Hillary Clinton alimzidi kwa kura za wananchi zinazokaribia milioni 3.

Usiishie hapo. Mpe mpinzani wako nafasi: atasema wagombea wa Marekani nao hulazimika kuhangaikia majimbo yasiyo na mwenyewe. Mjibu. Aya hiyo ya kumjibu mpinzani ndiyo mara nyingi inayotenganisha B na A.

Uliyoyaona kwa macho yako unaweza kuyatumia, lakini yaegemeze kwenye chanzo: katiba, hukumu ya mahakama, ripoti, makala ya kitaaluma. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya iliyofuta uchaguzi wa rais mwaka 2017 ina uzito kuliko kusema “kila mtu alijua”.

Kusoma nako kuna namna yake. Siku utakayopewa Federalist namba 10, makala ya mwaka 1787 ya kuitetea katiba mpya ya Marekani iliyoandikwa na James Madison, utakuta Kiingereza cha kale chenye sentensi ndefu kama treni. Soma aya moja, funika, andika pembeni sentensi moja ya Kiswahili ya alichosema. Ukishindwa kuiandika, hujaielewa. Rudia aya hiyo tu. Utagundua Madison anazungumzia makundi yenye maslahi yake na jinsi jamhuri kubwa inavyoyazuia yasiitawale nchi. Hilo mtu wa kwetu halimshindi.

Makosa ya kunakili bila kutaja chanzo, au kukabidhi insha iliyoandikwa na programu ya akili mnemba bila ruhusa, yanaweza kukupa sifuri na kubaki kwenye faili lako. Kila silabasi inaeleza nini kinaruhusiwa, isome.

Na nenda saa za ofisi. Kwetu kumfuata mwalimu ofisini ni dalili ya matatizo. Huku ni kawaida, na profesa anayekufahamu ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo. Nenda na swali moja kuhusu insha yako, wiki ya tatu, kabla foleni ya wenye kuomba alama haijaanza.

*Dalili nzuri:* maoni ya profesa yameacha kuzungumzia sarufi na kuanza kubishana na hoja yako.

## Onyo la peke yake: usijiandikishe kupiga kura kama si raia

Kwenye darasa la siasa, hasa mwaka wa uchaguzi, utaona meza karibu na kantini na kijana mchangamfu mwenye kalamu: “Umejiandikisha?” Anauliza kila anayepita. Hajui kama wewe ni mkimbizi au una grini kadi, na si kazi yake kujua.

Usisaini. Fomu inakutaka uthibitishe kuwa ni raia. Kusaini bila kuwa raia, hata kwa kutoelewa, kunaweza kukunyima uraia au kukuingiza kwenye kesi ya kuondolewa nchini. Fomu ya uraia, N-400, inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Angalia pia kisanduku cha kujiandikisha kupiga kura unapochukua leseni ya gari.

Profesa akitoa alama za ziada kwa wanaojiandikisha, mwambie kwa upole huna sifa na omba kazi mbadala. Kuhudhuria kikao cha baraza la jiji na kuandika ripoti hukubalika sana.

## Hatua ya 7: Fanya kitu kimoja nje ya darasa

Kimoja, kwa bidii. Serikali ya wanafunzi, kuiga mijadala ya Umoja wa Mataifa, au kujitolea kwenye shirika linalosaidia wakimbizi, ambako Kiswahili chako ni ujuzi. Ukifikisha GPA ya 3.5 utaweza kualikwa Phi Theta Kappa, jumuiya ya wanafunzi bora wa vyuo vya miaka miwili. Vyuo vikuu vingi vina ufadhili wa wanachama wake wanaohamia. Mwenye F-1 asikubali mafunzo ya kazi nje ya chuo, ya malipo au la, kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

## Hatua ya 8: Omba nafasi mwaka mmoja kabla

Kuanza Agosti au Septemba kunaombwa vuli ya mwaka uliotangulia. TAG ya UC hupokelewa Septemba tu, kwa kampasi moja. Dirisha la kawaida la UC na CSU hufunguka Oktoba na kufungwa mwishoni mwa Novemba au siku za mwanzo za Desemba. Majimbo mengine huenda hadi Machi, lakini ufadhili huwa umeshagawanywa.

Kwenye insha binafsi usiwape kambi ya wakimbizi peke yake. Wasomaji wa maombi wanataka kujua swali gani la siasa linakukosesha usingizi na umelisomea nini mpaka sasa.

Taja vyuo vyote ulivyosoma, hata kile ulichokaa wiki sita ukaacha. Ukikificha, nafasi inaweza kufutwa.

## Hatua ya 9: Kagua hesabu yao ya krediti

Ukikubaliwa, chuo kikuu kitakutumia ripoti ya krediti zilizopokelewa. Ilinganishe mstari kwa mstari na karatasi ya hatua ya kwanza. Makosa yapo mengi: kozi ya takwimu imeandikwa ya hiari, siasa linganishi imesahauliwa.

Angalia pia sharti la lugha ya kigeni. Vyuo vikuu vingi vinamsamehe aliyesoma shule kwa lugha isiyo Kiingereza, na vingine hukubali mtihani wa kupima Kiswahili. Mtu aliyemaliza darasa la saba Tanzania kwa Kiswahili asilipie mihula ya Kihispania kabla ya kuuliza.

Ukiona kosa, andika rufaa kwa idara ya sayansi ya siasa, ambatisha silabasi na jibu la barua pepe ulilohifadhi. Ifanye kabla ya muhula kuanza: ukishajisajili kwenye kozi ile ile mara ya pili na tarehe ya kurudishiwa ada ikapita, utakuwa umeilipia tena.